Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Dirishani Kati ya Nairobi na Mombasa

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni binti wa Kitengela na nina mama mwenye umri wa miaka 68, ambaye mara ya mwisho alipanda gari la moshi akiwa msichana, enzi zile za safari ya kulala njiani na kuamka Voi. Mwezi ujao tunakwenda Mombasa kwenye harusi, na nimemwahidi kwamba safari hii atakaa dirishani aone nchi. Ninayemwuliza kuhusu upande wa kukaa hunijibu kwamba kiti ni kiti, mradi tiketi ina namba. Je, ni kweli? Na daraja la kwanza litamwonyesha mama zaidi ya daraja la pili? – *Bi. R. M.*

JIBU: Marahaba, binti yangu, na mama mpe salamu zetu. Waliokujibu wamesema nusu ya ukweli. Namba iliyoandikwa kwenye tiketi inakuhakikishia kwamba hutasimama na kwamba hakuna atakayekuondoa pale ulipo, lakini haikuhakikishii dirisha, wala haikuhakikishii kwamba dirisha hilo litatazama kitu cha kutazamwa. Katika daraja la pili la Madaraka, garimoshi la sasa la Nairobi hadi Mombasa, viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, kwa hiyo katika kila safu ya watu watano ni wawili tu walio dirishani. Katika daraja la kwanza vimepangwa viwili kwa viwili, na hapo nusu ya abiria wana dirisha. Ukikata tiketi mbili bila kusema lolote, mama anaweza kuangukia kiti cha katikati katika safu ya watatu, akasafiri karibu kilomita 480 akitazama bega la mtu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba viti viwili vinavyofuatana katika upande wa watu wawili, kimoja cha dirishani kwa ajili yake na kingine cha kwako. Ukinunua kwa simu na namba mlizopewa zisikuridhishe, nenda kaunta mapema ukaulize kama zinabadilika. Usingoje wiki ya sikukuu wala ya kufunga shule, kwa sababu wakati huo hata kiti cha katikati huwa ni bahati.

Ama kuhusu daraja, jibu langu huenda lisiwapendeze wauza tiketi: kioo cha daraja la pili kinaonyesha ndovu yule yule anayeonekana kwenye kioo cha daraja la kwanza. Tangu Januari 2024 nauli ya safari nzima ni shilingi 1,500 kwa daraja la pili na 4,500 kwa la kwanza, na hizo 3,000 za ziada zinalipia upana wa kiti, nafasi ya miguu na utulivu wa behewa. Mama wa miaka 68 ambaye mgongo humsumbua atashukuru kwa hayo, maana viti vya daraja la pili vina migongo iliyonyooka na abiria hutazamana goti kwa goti. Kama ana afya yake na anapenda mazungumzo, mpeleke daraja la pili, kwa sababu ndiko kwenye watu wanaoitana kuonyeshana wanyama.

Sasa tufike kwenye upande, ambao ndio moyo wa swali lako. Garimoshi likitoka Nairobi huelekea kusini-mashariki hadi pwani. Ukikaa ukiwa umeelekea mbele, upande wako wa kuume unatazama kusini-magharibi, uliko mlima Kilimanjaro, vilima vya Chyulu, Tsavo Magharibi, kisha milima ya Taita. Upande wa kushoto unatazama Tsavo Mashariki na tambarare zake zisizo na mwisho. Hakuna upande ulio mtupu, lakini jua nalo lina upande wake, na wengi hulisahau hadi linapowachoma shavu tangu Athi River hadi Kibwezi.

Asubuhi jua liko mashariki, na kwa safari ya kuteremka Mombasa maana yake ni kwamba linapiga madirisha ya kushoto. Wa kuume wamo kivulini, na nchi iliyo mbele yao imeangazwa vizuri. Alasiri, mkiwa mnapanda kurudi Nairobi, garimoshi limeelekea kaskazini-magharibi na jua linashuka magharibi, kwa hiyo kwa mara nyingine linawapiga wa kushoto. Ukienda asubuhi na kurudi alasiri, basi, kaa kuume mara zote mbili: unapokwenda utakuwa na mlima, na unaporudi utakuwa na Tsavo Mashariki chini ya mwanga wa jioni.

Saa ina uzito kuliko hata upande. Garimoshi la asubuhi, linaloondoka saa mbili, ndilo linalosimama njiani katika Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na kwa sababu hiyo huchukua takriban saa sita. Watu wenye haraka hulikwepa. Kwa mama yako ndilo zuri zaidi, kwa kuwa linapita maeneo ya Sultan Hamud na Emali kabla jua halijapanda sana, wakati ambapo Kilimanjaro bado ina nafasi ya kuonekana. Mlima huo hujifunika mawingu kadiri mchana unavyokua, na kuna siku haujifunui kabisa, kwa hiyo usimwahidi mama kama unavyoahidi chakula cha mchana. Mwambie tu atazame mbali, juu ya mstari wa upeo wa macho, na asidanganyike na vilima vya karibu. Wageni wengi huutafuta chini mno. Mkishapita Kibwezi, vilima vya Chyulu huuziba.

Udhaifu wa garimoshi la asubuhi ni kwamba huingia Tsavo adhuhuri, saa ambayo mnyama mwenye akili yuko chini ya mti. Ndiyo maana nasema mrudi na lile la alasiri. Likiondoka Mombasa saa tisa, hufika nchi ya Voi na Tsavo jua likiwa limelegea, na ndovu huwa wametoka vichakani kutafuta maji. Mama asishangae kuwaona wekundu kama matofali, kwa kuwa wamejipaka udongo wa huko, ambao ni mwekundu kuliko wa Kitengela ulivyo mweusi. Reli imeinuliwa juu ya tuta na madaraja, na chini yake zimeachwa njia za wanyama kuvuka. Daraja refu kupita yote huko ni lile la mto Tsavo, lenye urefu wa karibu kilomita mbili. Ukiwa juu yake, waambie walio karibu nawe wanyamaze kidogo, kisha tazameni chini.

La usiku, linaloondoka saa nne, sikushauri hata kidogo kwa kusudi lenu. Mimi mwenyewe niliwahi kulipanda nikiwa na kiti cha dirishani nilichokitafuta kwa siku tatu, na kwa muda wa saa tano nilitazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo. Hapa ndipo kumbukumbu ya mama inaweza kukupotosha. Gari la zamani liliondoka jioni lakini lilikwenda polepole usiku kucha, likawafikisha abiria Tsavo alfajiri, wakafungua madirisha na kuona twiga wakiwa na umande. Gari lile lilikoma kubeba abiria kati ya miji hii miwili mwaka 2017, mwaka ambao Madaraka ilizinduliwa, tarehe 31 Mei, na hili jipya la usiku linafika Miritini, kituo chake cha Mombasa, giza lingali giza.

Nikuonye pia kuhusu saa zilizoandikwa kwenye tiketi, ambazo huhesabiwa kizungu. Mjomba wangu mmoja aliona 3:00 PM akaisoma saa tatu usiku, akafika kituoni saa tatu kasorobo akiwa amevaa vizuri, na wakati huo garimoshi lake lilikuwa limekwisha kufika Mombasa. Fikeni Syokimau, kilipo kituo cha Nairobi, saa moja kabla ya kuondoka, au zaidi kidogo, mkiwa na vitambulisho vilivyotumika kukatia tiketi. Mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa huinusa huku wenyewe mmesimama kando, na kama mama anaogopa mbwa ni vyema ajue mapema kwamba hawamkaribii mtu. Visu vya jikoni viacheni nyumbani hata kama mnakwenda kupika pilau ya harusi.

Jambo la mwisho: msitarajie kupita juu ya lile daraja refu linalovuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi ambalo picha zake zimeenea kila mahali. Daraja hilo liko kwenye reli ya kwenda Suswa, iliyofunguliwa mwaka 2019. Safari ya Mombasa huanzia Syokimau na kuelekea upande mwingine.

SWALI: Nilikuwa na kiti cha dirishani, nimelipa na ninayo tiketi, lakini nilipoingia nilimkuta mama mmoja amekaa hapo akiwa na mtoto mgonjwa amelala kwenye kioo. Nilinyamaza nikakaa kwenye kiti chake cha katikati hadi Mombasa. Mke wangu anasema nilifanya ungwana. Mimi bado kinaniuma. Nilipaswa kufanya nini? Tena kiti nilichokaa kilitazama nyuma, nikasikia kichefuchefu. – *Mzee wa Ruiru*

JIBU: Shikamoo mzee. Naona nyote wawili mna haki, ila mke wako amekuzidi kidogo. Kiti kilikuwa chako kwa namba, na ungekuwa na haki kamili ya kumwomba mhudumu wa behewa aangalie tiketi zote mbili. Wahudumu hao hupita mara baada ya garimoshi kuondoka, na kazi ya kuhamisha watu ni yao, si ya abiria. Kosa dogo ulilofanya ni kunyamaza. Ungemwambia yule mama kwa upole, “Mama, hiki ni kiti changu, lakini mwache mtoto alale, tukifika Mtito Andei nitaomba tubadilishane,” naye angekuwa amejua kwamba amekopeshwa. Kitu kilichotolewa kimya kimya ndicho kinachouma, kwa sababu aliyepewa hajui kwamba amepewa.

Mtito Andei naitaja kwa makusudi, maana iko karibu nusu ya njia na ndipo Tsavo inapoanza. Nusu ya kwanza ya safari ina mashamba ya Ukambani na mlima, ikiwa umejitokeza. Nusu ya pili ina wanyama, mibuyu, mikonge ya Voi na ile nyika kavu ya Taru ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kukosa maji. Anayependa wanyama akichukua dirisha kuanzia hapo hajapoteza neno.

Kuhusu kukaa kinyumenyume, hilo si kosa la mtu. Viti vimewekwa vikitazamana na havigeuki, kwa hiyo kila mara nusu ya behewa inakwenda mbele na nusu inakwenda nyuma. Dawa yake ni kutazama mbali badala ya nguzo zinazopita karibu, kula kidogo kabla ya safari, na kumwomba jirani wa mbele mbadilishane kwa saa moja. Wengine huona kwamba kukaa kinyume kuna faida yake: anayetazama mbele humwona mnyama akija na kupotea kwa ghafula, lakini anayetazama nyuma humsindikiza kwa macho hadi awe nukta.

Hapa niongeze neno kwa wote walioandika kuniuliza “namba nzuri ni ipi.” Garimoshi linapofika mwisho wa reli, kichwa ndicho kinachohamia upande wa pili, na behewa lisipogeuzwa hurudi likiwa limesimama vile vile. Maana yake ni kwamba kiti kilichoutazama mlima mlipokuwa mkienda kitautazama tena mnaporudi, ingawa sasa mtasema kiko kushoto. Kwa hiyo anayetaka mlima mara mbili aombe namba ile ile, na anayefuata ushauri wangu wa kukaa kuume mara zote mbili aombe namba ya upande wa pili. Niliichora jambo hili kwenye karatasi mara nne kabla sijaliamini.

SWALI: Huku kwetu Dar es Salaam tunayo treni ya umeme kwenda Dodoma, nayo ina namba za viti. Je, ushauri wako wa upande unatufaa, au mnaandikia Wakenya tu? – *Ndugu S. K., Tabata*

JIBU: Ndugu yangu, hoja ya kwamba namba si dirisha, na dirisha si mandhari, ni ya kwenu pia, lakini pande zinabadilika kwa sababu reli yenu inaelekea magharibi. Kutoka Dar es Salaam kupita Pugu, Soga, Ruvu hadi Ngerengere nchi ni ya chini na ya kijani, na kusema kweli upande wowote unatosha. Mkianza kuikaribia Morogoro, milima ya Uluguru huinuka kushoto kwenu, na asubuhi yenye hewa safi ni kama ukuta uliotundikwa mawingu. Aliye kulia hapo atalazimika kuchungulia juu ya vichwa vya watu.

Baada ya Mkata na Kilosa mambo huwa mazuri kwa pande zote, kwa kuwa reli inaingia milimani na kupita ndani ya mahandaki, kisha inafuata bonde kuelekea Kidete na Gulwe. Hilo ndilo bonde ambalo kwa miaka mingi mafuriko yaliisumbua reli ya kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Ukiangalia vizuri utaiona reli hiyo ya zamani, nyembamba, ikijipinda kufuata mto mahali ambapo yenu inakata moja kwa moja. Mimi huona huo ndio utamu mkubwa wa safari ile, kuliko hata milima.

Tofauti kubwa ni mwendo. Madaraka hukimbia hadi kilomita 120 kwa saa, na yenu hadi 160, kwa hiyo vitu vilivyo karibu na reli hupita kama mistari. Macho yazoeshe kukaa mbali. Na kama lengo lako ni kutazama, usikate tiketi ya treni ya jioni, kwa kuwa Kilosa utaipita gizani, na mahandaki yote yatakuwa sawa na sehemu nyingine za njia.

SWALI: Picha nilizopiga dirishani zote zina mwanga mweupe katikati na mkono wangu umeonekana kwenye kioo. Kuna njia? – *Msomaji wa Nyali*

JIBU: Iko. Zima taa ya kamera, gusisha simu kwenye kioo kabisa badala ya kuishika mbali nacho, na vaa nguo ya rangi nzito, kwa sababu shati jeupe ndilo linalojionyesha kwenye kioo. Futa kioo kwa ndani kwa leso kabla ya kuondoka. Vumbi la nje huliwezi. Na ukiwa upande unaopigwa na jua, subiri reli ipinde kidogo ndipo upige.